Punje Zilizorudi Nzima

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nikiwa sitaki: siku Mama Nekesa aliponionyesha kikombe chenye punje nyeupe na kuniuliza kama mtoto wa binadamu anaweza kutagiwa mayai tumboni.

Cheka sasa kama unataka, maana mbele hutapata nafasi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Vihiga, nimepanga chumba Uthiru, na kila asubuhi nilishuka na Waiyaki Way kwenda kazini Muthangari. Kazi yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba moja ya zamani, katika karakana ya mfamasia aliyetengeneza dawa za watoto. Dawa ya kifafa tuliyokuwa nayo ilikuwa chungu, na watoto waliitema. Basi tulizivika punje zake nta, ili mama azinyunyize kwenye uji na mtoto ameze bila kujua.

Aliyenifundisha ni Mzee Mutua, Mkamba mpole mwenye vidole vilivyobabuka kwa nta ya moto. Punje zinawekwa ndani ya pipa linalozunguka, hewa yenye joto inazipepea, nawe unazipulizia nta iliyoyeyuka kidogo kidogo. Joto likizidi, punje zinashikana madonge. Likipungua, nta inaganda hewani na kuwa vumbi. Kipimo cha joto kilikuwapo, lakini Mzee alipenda kusikiliza. Punje tupu hulia ndani ya pipa kama mvua juu ya mabati. Nta ikianza kushika, mlio unafifia. "Isinyamaze kabisa," aliniambia kila siku. "Ikinyamaza, umezidisha." Mwisho alichota kijiko kimoja, akakitia katika glasi ya maji vuguvugu, akaketi mbele yake mpaka punje zifunguke, hata kama ni saa nzima. Mimi, kwa akili zangu za wakati huo, niliona ni mzee anayejitafutia mapumziko.

Mama Nekesa alikuwa jirani yangu, mlango wake na wangu imetazamana, Mbukusu mwenye kicheko cha kusikika ploti nzima. Nekesa, bintiye wa miaka minne, alikuwa na kifafa. Dawa yetu ilimtuliza, ila alikuwa mjanja: alizitafuta punje ndani ya uji, akazitafuna, akaonja uchungu, akatema. Nilimhurumia kwelikweli. Siku moja Mzee Mutua akiwa ameenda kliniki, nilizirudisha punje za Nekesa kwenye pipa nikazivika nta mara ya pili, kisha ya tatu. Pipa likazunguka bila sauti. Niliweka punje kadhaa ulimini, nikazitafuna, nisione uchungu hata chembe. Glasi ya maji sikuigusa. Nilijiona fundi kuliko mafundi wote.

Wiki ya kwanza Nekesa alimaliza uji wake wote. Wiki ya pili, alasiri ya siku yangu ya mapumziko, nilikuwa kwao tukichambua mboga na mama yake. Mtoto akaacha kucheza, akautazama mlango uliokuwa wazi. Hapakuwa na mtu.

"Ingia basi," akasema kwa upole. "Mbona unasimama tu hapo?"

Pazia halikutikisika. Akatabasamu kama amejibiwa, akasogea pembeni kumpisha mgeni wake. Halafu akaanguka, mwili ukitetemeka, macho yakionyesha weupe tu. Siku tatu mfululizo mgeni huyo alikuja alasiri, na kila mara Nekesa alimkaribisha kabla ya kuanguka.

Ndipo kikombe kikaletwa chumbani kwangu.

"Nimetoa kwa poti ya mtoto," Mama Nekesa akaninong'oneza. "Nimeziosha mara tatu na haziharibiki. Hii ni mayai, Dorcas. Kuna kitu imetaga ndani ya mtoto wangu. Pasta amesema niachane na dawa, tufunge siku tatu, mimi na mtoto, bila chakula, bila maji. Tunaanza kesho kutwa."

Nilizitambua mara moja. Ule mng'ao ulikuwa wa mkono wangu. Punje zilikuwa zimepita katika mwili wa mtoto na kutoka jinsi zilivyoingia. Nilifungua mdomo niseme. Nikaifikiria kazi yangu, nikawafikiria watu wa ploti watakavyonitazama. Nikasema, "Wacha tuombe, Mama Nekesa." Mungu anisamehe, mwanangu, tuliomba, mikono yetu imewekwa juu ya kikombe kile, na mimi nikaitikia amina kwa sauti kubwa.

Asubuhi nilimweleza Mzee Mutua. Hakunikemea. Alichukua punje zangu zilizobaki, akazitia katika glasi ya maji vuguvugu, akanivutia kiti. Tuliketi hapo saa nzima na zaidi. Hazikubadilika.

"Mama yake anajua?" akauliza.

"Bado."

"Sasa hapa unafanya nini?" Alinivua aproni kwa mikono yake mwenyewe. "Kukosea umekosea, hata mimi nimewahi kuharibu dawa ya wiki nzima. Lakini huyo mama saa hii anaogopa mtoto wake. Hiyo si ya wiki mbili zilizopita, hiyo umefanya jana. Chukua dawa mzuri uende."

Nilifika Uthiru saa saba, na mayowe nikayasikia tangu getini. Mgeni alikuwa amekuja mapema. Nekesa alikuwa ameanguka kando ya jiko, mkono wake wa kushoto ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, na mama yake amesimama hatua mbili nyuma, ameganda, anaogopa kumshika. Mtoto wake mwenyewe. Mimi ndiye niliyemtoa.

Kwenye benchi la hospitali nilimwambia Mama Nekesa yote. Hakunipiga. Aliuliza jambo moja tu, akalirudia.

"Kwa hivyo ndani ya mtoto wangu hakuna kitu?"

"Hakuna. Ni nta yangu."

Alilia kwa furaha, na furaha ile iliniuma kuliko kofi. Nekesa alirudishiwa dawa iliyo sawa, na mgeni wa mlangoni hakuonekana tena. Leo ni mwanamke mzima, hunipigia simu kila Krismasi. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vimejikunja hadi leo.

Basi sikia, mwanangu. Unapomhurumia mtu, usiiache huruma yako ikuvushe kipimo. Unachompa mgonjwa, kaa nacho kwenye maji mpaka ukione kwa macho yako kikifunguka, hata wenzako wakikucheka. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla hujala na kabla hujaomba. Nta ilikuwa ujinga wa ujana, na nimejisamehe. Ile siku moja niliyonyamaza bado sijaisamehe.

Mungu akupe mkono mwepesi, na mdomo mwepesi kuliko mkono. Akujalie kazi utakayoweza kuitaja mbele ya uliowahudumia. Na asitokee mama, popote utakapopita, atakayemwogopa mtoto wake kwa sababu wewe ulinyamaza.