Kadi Iliyobaki Nyumbani

Kuna Jumatatu moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa, na mke wangu asisikie nikisema hivyo. Asubuhi hiyo niliingia katika chumba cha mtihani mjini Nyeri nikiwa na laptop ya mtu kwapani, nimevaa shati la Jumapili, najiona fundi kamili. Nilipotoka sikutaka hata kuangaliwa na bawabu. Keti nikueleze, kwa sababu wewe nawe umeshika kazi hii, na nimekuona ukikimbizana nayo vile nilivyokuwa nikifanya.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kibanda changu kilikuwa hapa hapa Gatitu, kando ya duka la mbolea. Kompyuta nilijifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kuharibu za watu. Mafundi wengine walifungua mashine, wakapuliza vumbi, wakafunga. Mimi nilijua Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, na si kuitumia tu. Nilijua kuijenga kerneli yake, kile kiini cha ndani kinachoongea na vyuma vya mashine. Unapewa orodha ndefu ya vitu ambavyo kiini hicho kinaweza kutambua, na kwa kila kimoja unajibu ndiyo au hapana. Ukijibu hapana, kwa mashine hiyo kitu hicho hakipo duniani. Mimi nilipenda sana kujibu hapana. Ukiondoa vingi kerneli inakuwa nyepesi, na nilikuwa nikitembea na habari hiyo mjini kama mtu aliyepunguza tumbo.

Sasa, kulikuwa na Mwalimu Wafula, mtu wa Bungoma aliyefundisha historia katika shule moja upande wa Mweiga. Mwalimu hakuwa anaona, tangu utotoni. Alikuwa na laptop kuukuu, nzito, na kijisanduku cha kusema, ukubwa wa mche mdogo wa sabuni. Waya wa kijisanduku ulishikana na kadi, na kadi ilisukumwa ndani ya tundu lililokuwa ubavuni mwa laptop. Siku hizi matundu hayo huyaoni tena. Kila herufi aliyobonyeza Mwalimu, kijisanduku kiliitamka. Kioo cha ile laptop hakikuwa na kazi yoyote kwake.

Alikuwa akisomea digrii wakati wa likizo za shule, na karatasi moja ilikuwa imemwangusha mara mbili. Mara zote mbili aliandikiwa na mtu, yeye akitamka majibu, na mwandishi akiweka yake. Akaandikia chuo barua kwa miaka miwili akiomba aruhusiwe kuandika mwenyewe kwa kompyuta yake. Mwishowe wakakubali. Mtihani ulikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi, na karatasi hiyo ndiyo pekee iliyokuwa imebaki.

Shida ilikuwa moja: laptop ilichukua dakika kumi kuwaka, na mara nyingine ilikwama katikati. Jumanne ya wiki iliyotangulia, mkewe, Mama Simiyu, akaniletea. Nikaangalia ubavuni, tundu liko wazi.

"Kadi yake iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani," akasema, akiangalia chini kidogo.

Wewe unajua mambo ya hapa. Mtu akipeleka kitu kwa fundi, anatoa kwanza kile anachoogopa kitabadilishwa. Wengine hutoa betri, wengine hutia alama ya rangi ya kucha ndani ya mashine. Si matusi, ni desturi tu, na mafundi wenyewe ndio tumeileta. Lakini siku hiyo ilinichoma.

"Kwani Mama, unafikiri nitakula hiyo kadi?"

"Si wewe, Muriithi. Ni vile watu husema. Kama unaitaka naweza kuileta kesho."

"Kaa nayo. Mimi niko na kadi zangu hapa, nitajaribu na hizo."

Alikuwa tayari kupanda gari kutoka Mweiga kesho yake aniletee kile kitu, mwanangu, na mimi nikakataa kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Basi nikaanza kazi. Nikaondoa hiki, nikaondoa kile. Nikafika mahali pa kadi. Kadi za laptop wakati huo zilikuwa za aina mbili, na zote ziliingia tundu moja: za zamani za biti kumi na sita, za mwendo wa polepole, na mpya za biti thelathini na mbili, za mwendo wa kasi. Ukiziangalia kwa nje ni kama ndugu. Lakini katika ile orodha ya kerneli, kila aina ina swali lake. Kadi zangu pale kibandani zote zilikuwa mpya. Nikaweka ndiyo kwa mpya, na kwa zile za zamani nikaweka hapana, nikisema moyoni, nani bado anatumia hizo? Sikujua Mwalimu alikuwa na aina gani. Ningejuaje, na sikuuliza?

Kujenga kerneli kwa mashine ile kulikula saa tano. Mwalimu alikuwa ameomba irudi Alhamisi. Alhamisi nikampigia simu nikamwambia bado naipamba. Jumamosi nikasukuma kadi yangu ya mtandao ndani, taa ikawaka, mtandao ukashika, laptop ikawa inaamka kwa dakika mbili. Nikafurahi mpaka nikafuta ile kerneli ya zamani, nikiona inajaza nafasi bure. Kisha nikampigia tena: usijali Mwalimu, nitaileta mwenyewe Jumatatu mpaka mezani kwako.

Jumatatu nikaiweka mezani. Wanafunzi wengine walikuwa wameketi. Mama Simiyu akafungua leso, akatoa kadi, akampa mumewe. Nilipoiona tu kwa karibu nikajua ni ya zile za zamani, nilizoziandikia hapana. Mwalimu akaisukuma ndani mwenyewe, akashikanisha waya, akawasha, akaweka kiganja juu ya kijisanduku kama anayempima mtoto homa. Akangoja. Mimi niliona maandishi yote yakipita kwenye kioo, safi kabisa.

"Labda inachelewa," akasema Mwalimu.

Haikuchelewa. Haikusema kitu.

"Muriithi, uliijaribu?"

"Niliijaribu, Mwalimu. Iko sawa. Naiona hapa imewaka."

"Unaiona," akasema.

Msimamizi, mama mmoja mpole, akaangalia saa. Akasema anaweza kumtafutia mtu wa kumwandikia, ama angoje mwaka ujao. Kurekebisha kungekula saa tano zingine, na kerneli ya zamani ambayo ingetuokoa kwa dakika kumi nilikuwa nimeshaifuta. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipofanya kitu ambacho bado kinaniaibisha. Nilimgeukia Mama Simiyu mbele ya watu nikamwambia, "Ungeleta kadi haya yote hayangetokea."

Ni Mwalimu aliyenijibu, na hakupandisha sauti.

"Yeye alibaki na kadi kwa sababu anaogopa mafundi. Wewe uliikataa kwa sababu gani?"

Sababu niliijua, ilikuwa kiburi, lakini kiburi ni kigumu kukitaja mbele ya watu arobaini. Mwalimu akamwambia msimamizi, "Nimeandikiwa mara mbili, na mara mbili nimeanguka kwa maneno ambayo sikusema. Nitangoja." Akazungusha waya kwenye vidole vyake polepole, akauweka mfukoni, akamshika mkewe bega, wakatoka.

Nilidhani sitamwona tena. Jumatano akaja hapa kibandani, yeye na laptop na kadi. Akaketi kwenye kile kiti cha wateja tangu asubuhi mpaka jioni, nikijenga kerneli upya. Safari hii kila swali nilimsomea. Hii ni ya kadi za zamani, niweke? Weka. Hii ni ya spika, unaitumia? Sijawahi. Nilipomaliza nikamwambia iko tayari. Akanyoosha mkono, akatafuta kioo, akakishusha taratibu hadi kikabaki ufa wa kupitisha mikono tu.

"Sasa nionyeshe," akasema.

Nikapapasa vitufe bila kuona kitu, kijisanduku kikasoma herufi moja moja, na kila nilipokosea kilisema kosa langu kwa sauti. Ndiyo siku ya kwanza niliyoijaribu mashine ya Mwalimu. Siku zile za mwanzo nilikuwa najaribu yangu.

Mwaka uliofuata aliandika mtihani mwenyewe, akapita vizuri. Mimi nikadhani yameisha, tumesameheana. Ilipita miaka mingi, Mwalimu ameshastaafu, nikaenda kwake Mweiga kumpelekea chaja. Mama Simiyu aliponisindikiza langoni ndipo akaniambia, kama anayetaja bei ya viazi. Ule mwaka kijisanduku kilipokataa kusema, nafasi ya naibu mwalimu mkuu ilikuwa imewekwa kwa ajili yake, akipata digrii tu. Hakuipata kwa wakati, ikapewa mtu mwingine, na haikufunguka tena. Mwalimu alistaafu akiwa mwalimu wa kawaida wa darasa.

"Alinikataza nisikwambie," akasema. "Alisema ungeacha kazi."

Nililia njiani, mwanangu. Nilikuwa mtu mzima wa watoto watatu, na nililia mpaka karibu na mji.

Kwa hivyo nisikilize. Kabla hujaandika hapana kwa kitu chochote, mwulize mwenye mashine anaishi nayo vipi. Usiseme nani bado anatumia hii, kwa sababu huyo nani ana jina, na pengine mkewe amesimama mbele yako. Mtu akikuficha kitu kwa kuogopa, usinune. Mwombe kwa upole, mwandikie karatasi kwamba umekipokea, akitaka kuketi hapo akilinde, basi mpe kiti. Ile ya zamani inayofanya kazi usiifute mpaka mwenyewe aijaribu mpya kwake nyumbani. Jaribu kwa kitu chake, kwa njia yake, hata kama ni kwa kufumba macho. Na ukikosea, kosa ni lako. Usimtwike mama wa watu.

Mungu akupe wateja watakaokuamini kuliko walivyoniamini mimi, na akupe roho ya kustahili imani hiyo. Ukikosea, maana utakosea, akuletee mtu wa kukurekebisha ambaye atakuhurumia vile Mwalimu alivyonihurumia. Enda salama, na kazi ya mikono yako iwafikie watu ikiwa nzima.