Mvua ya Mbali na Mabati Yangu

Mjukuu wangu wa kike anapima mvua asiyoiona. Niliitangaza habari hiyo Kalundu yetu yote ya kando ya ziwa, bandarini, kanisani, kwa wauza ndagala, dagaa wetu, mpaka watu wakawa wananikwepa. Miye koko wake, bibi yake, niliacha shule darasa la tatu. Yeye anakaa mbele ya oridinateri, kompyuta yake, kusoma picha za satelite.

Alinieleza. Kile chombo cha angani hakioni matone. Kinaona ubaridi wa mawingu kwa juu, kinapima na joto la maji yaliyo ndani, halafu wao wanakadiria mvua iliyoanguka, hata katikati ya bahari ambako hakuna wa kutega ndoo.

Mwaka ule wa mafuriko ziwa lilikuwa limeshagusa jiko langu. Kisha mvua ikakatika. Majirani wakarudisha vitanda ndani, wakaanika ndagala. Nilikuwa nakanda udongo nizibe ukuta, ndipo mjukuu akafika kutoka mtaa wa Rugenge anakopanga chumba, viatu mkononi. Akasema kimbunga cha baharini kimemwaga mvua nyingi upande wa Tanzania, na maji hayo yatashuka na mito hadi ziwani kwetu, polepole, huku mbingu nyeupe.

"Koko, toa mabati ya paa tuyaokoe. Nyumba iko ya kwisha."

Hasemi ovyo yule. Nikapandisha mafundi siku ileile. Jirani yangu, mzee wa mitumbwi, alicheka akishika mbavu.

"Mama, mvua inyeshe Tanzania, weye uvue nyumba kofia Kalundu?"

Nikaendelea kupokea mabati. Nina majivuno, lakini kaa ndani ya nyumba isiyo na paa, jua la saa sita kichwani, uone kama majivuno yanatia kivuli.

Maji yakaja bila wingu hata moja. Jirani aliwahi kutoa godoro tu. Ukuta wake ukalegea, mabati yakazama nao. Akajitwika godoro, akanipita. Ningependa hata anitukane.

Yangu yako kwenye uwanja wa kanisa Rugenge, yanashika kutu. Nami nalala chumbani kwa mjukuu. Huko mlimani parseli, viwanja vya kujenga, zinabebwa na maporomoko, huku chini ziwa limekula. Nilimuuliza niyapeleke wapi mabati nijenge tena. Akafungua picha yake, akaitazama sana, milima, mito, mashamba ya mpunga ya Luberizi, akaifunga.

"Sijue, Koko."

Leo asubuhi ameniambia kimbunga kingine kinazunguka huko baharini. Sikuuliza ni kikubwa namna gani.