Mfagiaji wa Kanisa la Mchangani

Cheka ukitaka, lakini haya niliyaona mchana kweupe na wala sikuwa na homa.

Mimi ni mtu wa Voi, nafanya kazi za ndani kwa familia moja hapa Malaz, Riyadh. Zilibaki wiki mbili niende likizo nikamwoze binti yangu wa pekee. Bosi akatupeleka kwenye shamba la kakake, mbali huko mashariki. Walipolala baada ya chakula, nikatoka kunyoosha miguu. Nyuma ya mitende nikakuta kuta fupi zimezama mchangani, na kwenye jiwe la mlango umechongwa msalaba. Msalaba, Saudia hii hii. Niamini, machozi yalinitoka.

Ndani bibi kizee anafagia. Nikamsalimu. Akanieleza, kwa Kiarabu cha zamani, kwamba hilo lilikuwa kanisa la kijiji chao, kijiji cha wazamia lulu. Kisima kikaingia chumvi, watu wakahama mmoja mmoja. Padri wa mwisho akamwambia afagie mpaka atakaporudi.

"Lini hiyo?" nikauliza. Akahesabu vidole vikamwishia, akaacha.

Sasa mimi, mtu wa kazi, ningemtazama tu? Nikamsaidia kufagia hadi mlangoni, kisha nikamwambia, "Halas, mama. Kazi imekwisha, kapumzike." Akalia kidogo. Akauliza ninakaa wapi. Nikamwambia Malaz, nikaongeza kama tulivyolelewa nyumbani: "Karibu sana, hata kesho." Nilipogeuka kuondoka, mchangani palikuwa na nyayo zangu tu. Nilikimbia nikaacha ndala moja.

Asubuhi ya kwanza Riyadh nikaamka sebule imeshafagiwa. Ya pili vivyo hivyo. Vumbi la mji huu unalijua, lakini kwetu hukuti hata chembe. Madam akampigia simu dada yake wa Jeddah kujisifu, kisha akaniita. Akasema mfanyakazi kama mimi hamwachi aende. Likizo mafi, yaani hakuna, labda mwakani.

Binti yangu ameolewa nikimtazama kwenye simu, nimejifungia jikoni nalia. Nyuma yangu ufagio unapita taratibu.

Kwa hiyo ukikuta mtu kwenye magofu, msalimu, hata msaidie, ila huo ukarimu wetu umeze. Mimi nimembembeleza huyu bibi ahamie Jeddah kwa dada yake madam, nyumba kubwa, vumbi tele. Hataki. Anasema kule hakuna aliyemkaribisha.