Marlene Tsukida na Sahihi ya Mchezaji wa Kumi na Saba

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Marlene Tsukida anazima redio, jambo ambalo wateja wake wanaapa kuwa hawajawahi kulishuhudia, na kuisogeza taa juu ya glavu ya besiboli iliyotimiza miaka tisini na mitano. Ameshika msharasi, sindano nene ya kutobolea ngozi. Hajauchomeka popote.

“Ukiendelea kuikodolea macho hivyo itaona haya,” anasema Rigo Barragán, kocha wa timu ya watoto, aliyefuata glavu zake tatu na sasa hataki kuondoka.

“Nyamaza, Rigo. Kamba hii nikishaikata, hairudi tena kama ilivyokuwa.”

Marlene, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, hutengeneza glavu nyuma ya duka la fundi viatu mjini Stockton, California. Msimu ukichangamka hupata kumi kwa wiki, kila moja kwa dola hamsini hivi. Mtu makini angezitumia fedha hizo kuziba paa lake linalovuja. Marlene, kwa miaka ishirini na sita, amezitumia kununua sahihi za wanaume ambao karibu hakuna aliyewahi kuwasikia.

Wanaume hao ni Delta Nisei, timu ya wakulima na makarani, watoto wa Wajapani waliozaliwa katika bonde la Stockton, ambao mwaka 1929 walipanda meli kwenda kucheza katika nchi ya wazazi wao. Walikuwa kumi na saba. Katika safari ya kurudi walitia sahihi kila kilichokaa mbele yao: mipira, mapepeo ya mkononi, hata kadi ya chakula cha jioni. Marlene anayo mipira minne na kadi hiyo. Mmoja ulipakwa vanishi na mtu mwenye nia njema, na sasa una rangi ya chai.

Kila kitu kina majina kumi na sita. Mdakaji Tamotsu Ikejiri alivunjika kidole gumba mjini Osaka, akabaki hospitalini Kobe wenzake waliposafiri. Ndiyo maana hayumo. Na kwa wakusanyaji, kumi na sita si idadi, ni aibu.

Glavu iliyo mezani ni ya Ikejiri. Imeletwa na binti yake, Haruye, mwenye miaka themanini na minne, ambaye ameketi wima na mkoba magotini. Mfanyabiashara mmoja wa San Francisco amemwahidi dola elfu nne, kwa sharti kwamba glavu isifunguliwe.

“Ilishafunguliwa, Shangazi,” Marlene anamwonyesha. “Fundo hili si la kiwandani. Ni la mabaharia. Wadakaji wa zamani waliandika majina yao ndani ya ngozi, wasiibiwe. Nadhani aliandika walipokuwa wakienda. Lakini ndani kukiwa kutupu, nitakuwa nimekupotezea elfu nne.”

“Baba aliivaa miaka ishirini,” anajibu Haruye. “Hata kule Arkansas, nyuma ya seng’enge, tulipofungwa kambini sisi wenye asili ya Japani wakati wa vita. Hakuigusa kamba hata moja. Alisema aliyeifunga aliifunga vizuri. Sasa mimi, kwa umri huu, nangoja nini? Kata!”

Marlene anakata. Anachomoa kamba tundu baada ya tundu, anatoa sufu iliyogandamana, anaikunjua ngozi kwa vidole viwili. Kisha anapiga ukelele unaomfanya Rigo amwage kahawa kwenye suruali yake mwenyewe.

“Wino! Kuna wino, Shangazi! Rigo, ondoa kikombe chako hapo!”

Kuna wino mwingi. Marlene anasoma kwa sauti, anakimbilia ile kadi ya chakula cha melini kulinganisha, anarudi, anasoma tena. Katikati kumeandikwa: “Tam, upone haraka. Mizigo yako tunayo.” Kuizunguka kuna majina. Kumi na sita.

“Wale wale!” Marlene anaketi chini sakafuni, akicheka huku machozi yakimtoka. “Miaka yote hii, na wamenijia wale wale!”

Ilikuwa hivi, basi: wenzake waliibeba glavu iliyochanika siku alipoumia, wakaishona melini, wakaandika, wakafunga. Haruye anapitisha kidole juu ya wino.

“Mkono wake ulikuwa juu ya majina yao miaka ishirini,” anasema. “Hakujua.” Kisha anamgeukia Marlene. “Kwani wewe shida yako ni sahihi ya baba tu? Mbona hukusema, mtoto wewe? Droo yangu nyumbani imejaa. Alikuwa akizitia kwenye ripoti zangu za shule.”

“Ngapi?”

“Kumi na tatu.”

Rigo anapiga meza. Marlene ameshasimama, anatafuta funguo za gari.

“Ila moja niliighushi mimi,” Haruye anaongeza bila haraka. “Alama ya hesabu ilikuwa mbaya sana.”

“Ipi?”

“Fundi ni wewe. Nionyeshe.”

Kwa kanuni za wakusanyaji, ripoti ya shule ya mwaka 1951 si kumbukumbu ya ziara ya mwaka 1929. Marlene anazijua kanuni hizo kuliko wengi. Hata hivyo, mwezi Julai, kwenye maonyesho katika ukumbi wa hekalu la Kibudha la mjini, anakusudia kuiweka glavu ikiwa wazi, na kando yake ripoti moja ya darasa la sita. Tayari amepima fremu.

“Na ile ya kughushi?” anauliza Rigo.

“Hiyo nainunua,” anasema Marlene, akigeuza kibao cha mlangoni kuonyesha kuwa pamefungwa. “Ni adimu zaidi.”