Malkia Niliyemtoa Bila Kujua Sababu

Nakumbuka mzee mmoja aliyeshuka kwenye basi la Kibondo, mwanangu, siku ya masika, na kidumu cha asali mkononi na ubao wa sataranji kwapani, akauliza watu wa stendi: "Yuko wapi yule binti mwenye akili?" Aliyekuwa anatafutwa ni mimi. Ningejua anakuja, ningefunga duka nikakimbilia shambani.

Kabla hujaondoka, ngoja nikueleze ilivyoanza. Nilikuwa fundi cherehani hapa Kasulu, msichana wa miaka ishirini na saba, na simu za kupangusa ndiyo kwanza zinaingia. Tulikuwa na kikundi cha sataranji, huo mchezo ninyi mnaouita chesi. Kibondo nao walikuwa na chao. Mvua zikiharibu barabara tulishindana kwenye mtandao, kila mtu kwake na simu yake. Jumamosi moja mimi nikapangiwa Mzee Filimoni, mwalimu mstaafu wa Murungu, hukohuko Kibondo, ambaye hakuna mtu wa Kasulu aliyewahi kumfunga.

Nilimfunga. Lakini chini ya kitambaa nilikuwa na simu ya pili, yenye programu inayojua sataranji kuliko binadamu. Mzee akisogeza kete, naiingiza humo, inaniambia cha kujibu. Katikati ya mchezo ikaniambia nimtoe malkia aliwe. Nilishangaa, maana malkia ndiye kete yenye nguvu kuliko zote. Nikatii. Hatua sita baadaye mfalme wa mzee hakuwa na pa kwenda. Wenzangu walinishangilia mpaka nikaanza kuamini kwamba kweli mimi ni mkali.

Basi Mzee Filimoni akaingia dukani. "Mwakeye," akasalimia, akaweka asali mezani, akasogeza pembeni gauni la bibi harusi nililokuwa nashona, akapanga kete vilevile zilivyokuwa Jumamosi. Wateja wawili wakasogea kuona.

"Binti, hapa ulimtoa malkia. Nacheza tangu ujana wangu, sijaona kitu kizuri kama hiki. Nimekuja unifundishe. Ulikuwa unafikiria nini?"

Mwanangu, nikajifanya natunga uzi kwenye sindano.

"Nilihisi tu, mzee."

"Ulihisi nini?"

"Nilihisi... malkia amechoka."

Mteja mmoja akaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alitoa daftari akaandika! "Amechoka," akanong'ona. "Kwa sababu ya yule farasi?"

Nikasema ndiyo, farasi. Hata sikujua ni farasi yupi.

Akaandika na hilo. Kisha akaomba tucheze mmoja, ajifunze kwa macho. Nikasingizia gauni la watu, nikasingizia kichwa. Yeye alishapanga kete. Kufika hatua ya kumi na moja mfalme wangu amebanwa kwenye kona. Mzee akautazama ubao, akanitazama mimi, akafunga daftari polepole.

"Jumamosi nilicheza na nani?"

"Na simu, mzee."

Nilisubiri matusi. Hayakuja.

"Nilimwambia mke wangu nimepata wa kunifundisha uzeeni," akasema. "Basi limekwama kwenye matope mara mbili, na bado nilikuwa na furaha. Kumbe nimekuja kuiamkia simu."

Akachukua asali yake, akafika mlangoni, akarudi. Akaniuliza kama nina chupa tupu. Akanimiminia nusu. "Hii ni kwa kusema kweli. Hiyo nyingine narudi nayo nyumbani."

Jioni hiyohiyo niliwaandikia wachezaji wote nilichofanya. Kasulu tukanyang'anywa ushindi, nami nikafungiwa msimu mzima. Wenzangu walininunia mwezi mzima, na mmoja alihamishia suruali zake kwa fundi mwingine. Ila mzee alikubali tucheze kwa mtandao kila Jumapili akitoka kanisani. Alinifunga miaka miwili mfululizo, na sijawahi kujifunza kitu kwa raha kama ile.

Mwanangu, unayecheza na watu usiowaona, ujue upande wa pili kuna mtu kweli, amekaa, anawaza, anakuheshimu. Usimwibie huyo mchezo wake. Mashine iulize mchezo ukishaisha, ikuonyeshe ulipokosea. Mchezo ukiendelea, iweke mbali. Ukishindwa, shindwa kwa akili yako. Na kama umeshakosea, sema mwenyewe kabla hujaulizwa.

Mungu akupe akili ya kuifurahia mwenyewe, na wapinzani wema kuliko unavyostahili. Uende salama.