Mtoto Katika Kitanda cha Dukani

Nakhumicha alikuwa mshonaji wa majoho ya kwaya. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani kule Ngara, juu ya duka la vitambaa, na makanisa mengi ya Kawangware na Kangemi yaliimba Jumapili yakiwa yamevaa kazi ya mikono yake. Mumewe, Jackton, alikuwa fundi wa lifti katika majengo ya katikati ya jiji. Walioana wakiwa watu wazima tayari, na mtoto hakuja upesi. Mimba mbili ziliharibika. Ile ya pili ilikuwa imekua kiasi kwamba walishanunua nguo, na nguo hizo Jackton alizigawa peke yake bila kumwuliza mtu. Hawakuwahi kuzizungumzia tena.

Kwa hiyo mimba ya tatu ilipofika mwezi wa nane, nyumba yao haikuwa hata na soksi ya mtoto. Millicent, dada yake Jackton, ndiye aliyeshikilia hivyo. "Msinunue kitu chochote kabla mtoto hajalia," alisema. Nakhumicha akatii, maana naye aliogopa. Lakini daktari alipomwambia kwamba safari hii atazaa kwa upasuaji, akaanza kufikiria mambo mengine. Atainama vipi na mshono tumboni? Atashuka vipi kitandani kila mtoto akilia?

"Mimi nataka kile kitanda kinakaa kando ya kitanda ya mama," alimwambia mumewe. "Unashusha upande moja, mtoto ako hapo tu karibu. Unamfikia bila kuamka."

"Na Millicent?"

"Si Millicent atapasuliwa tumbo, Jackton. Ni mimi."

Jackton alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akasema sawa.

Jumamosi asubuhi wakatoka. Jackton alitaka waende moja kwa moja kwa maseremala wa Ngong Road, wale wanaopanga makochi na vitanda nje kando ya barabara. Nakhumicha akasema kwanza waone vya dukani, ndipo ajue atamwagiza seremala nini. Wakaingia duka moja la vitu vya watoto karibu na Adams Arcade, lililo juu ya ngazi, lenye madirisha makubwa. Lilikuwa limejaa watu. Muuzaji, msichana mcheshi aitwaye Becky, alikuwa na simu begani na risiti mkononi, lakini alipoona lile tumbo alikata simu.

"Karibu mathe! Tunatafutia mtoto nini leo?"

Akawapeleka upande wa vitanda. Ndani ya baadhi yake walikuwa wamelazwa wanasesere wa plastiki waliofunikwa vizuri, ili mteja aone mtoto atakavyokaa. Becky akawaonyesha cha kwanza, chenye kuta za wavu na magurudumu manne. Jackton alichuchumaa akakisukuma kwa kidole, nacho kikateleza hadi kwenye rafu.

"Breki nilikuwa sijafunga," Becky alisema haraka.

"Kitu iko na magurudumu lazima kwanza uulize itasimama aje," Jackton akajibu. Kazini kwake hilo ndilo swali la kila siku.

Cha pili kilikuwa na mikanda ya kukifunga kwenye kitanda cha mama. Nakhumicha alitoa tepu yake mkobani, akapima kimo, akalinganisha na kimo cha kitanda chao, ambacho alikuwa amekikariri. Kililingana. Lakini alipopitisha kiganja kati ya godoro na ukingo, kiganja kilizama chote.

"Hapa hapana," alisema. "Mkono wangu ukiingia, mguu wa mtoto utaingia."

Pembeni, karibu na dirisha, kulikuwa na cha mbao, kimepakwa rangi nyeupe, upande mmoja umeteremshwa. Hiki alikipenda kabla hajakifikia. Ndani yake mwanasesere alikuwa amefunikwa shali ya manjano. Nakhumicha aliinama kwa taabu, mkono mmoja kiunoni, akaivuta shali ili aguse godoro. Kisha akamsukuma mwanasesere kidogo kwa shavu.

Shavu lilikuwa na joto.

Hakuelewa. Mkono ukabaki pale pale. Mwanasesere akakunja uso, akafungua kinywa kidogo chekundu, akapiga mwayo.

Nakhumicha alipiga yowe ambalo Jackton baadaye alisema hakuwahi kulisikia kwake, si hospitalini, si msibani. "Ni mtoto!" alisema. "Ni mtoto wa ukweli! Yuko hai!"

Watu wakaja mbio. Becky alitazama ndani ya kitanda, akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Alikuwa mtoto mchanga kabisa, kipande cha kitovu hakijaanguka, kichwa kimejaa nywele. Chini ya kitanda kulikuwa na mkoba wa nepi.

"Mama yake ni nani?" Jackton aliuliza kwa sauti. "Mtoto huyu ni wa nani?"

Becky akakumbuka kwamba kulikuwa na msichana, mwembamba, amevaa sketi ndefu nyeusi. Alikuwa ameuliza habari za kitanda hicho hicho, kisha Becky akaingia kwenye simu na hakumwona tena.

"Basi amemtupa," mzee mmoja alisema. Jina lake Waithaka, na alikuwa amekuja kumnunulia mjukuu kigari. Alishatoa simu, anarekodi. "Muone, jameni. Ameona amwache mahali pazuri, halafu ametoroka. Wasichana wa siku hizi hawana roho."

Wanawake wawili wakaguna. Mmoja akasema polisi waitwe. Mwingine akasema mkoba ni ushahidi, alipanga kabisa kumwacha. Maneno yakapanda. Nakhumicha alikuwa amekwisha kumwinua mtoto, amemlaza juu ya tumbo lake kubwa, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kulia. Yeye naye aliamini. Aliwaza vile vitoto viwili ambavyo hakuwahi kuvishika, na akawaza kwamba kuna mtu aliyeshika chake, kikiwa na joto na pumzi, akakiweka chini akaenda zake. Mtoto wa tumboni akampiga teke zito kwenye kibofu.

"Jackton, nipeleke choo," alinong'ona. "Sasa hivi."

Becky akawaelekeza kwenye korido nyuma ya duka. Nakhumicha hakumpa mtu yule mtoto, alikwenda naye. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa kwa ndani. Jackton akabisha. Akabisha tena, akasema, "Samahani, kuna mama mjamzito hapa." Mlango haukufunguliwa.

Nakhumicha ndiye aliyetazama chini. Chini ya mlango, juu ya vigae vyeupe, kulikuwa na damu. Haikuwa tone. Ilikuwa inakuja polepole kama maji ya ndoo iliyopinduka.

"Vunja," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo mno. "Vunja mlango, Jackton, vunja!"

Jackton hutembea na bisibisi hata siku asiyokuwa kazini. Aliichomeka kwenye kitasa, akasukuma kwa bega, mlango ukaachia nusu ukakwama kwenye kitu laini. Kitu hicho kilikuwa mguu wa mtu. Alijipenyeza kwa ubavu, na Nakhumicha akamsikia akisema jina la Mungu kwa Kijaluo.

Msichana alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, kichwa kimeanguka begani. Sketi nyeusi ilikuwa imelowa mpaka kwenye vifundo. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Kwa kitambo Nakhumicha aliamini anatazama maiti, na akamgeuza mtoto uso ili asione, kana kwamba mtoto wa umri ule angeona. Kisha kope za msichana zikacheza.

"Anapumua!" Jackton akaita. "Nani ako na gari?"

Waliokuwa wakisema sana walikuwa wamejaa koridoni, na wote walikuwa wameganda. Becky alikuwa analia kwa sauti. "Aliniambia kitu," alirudia, "aliniambia kitu nikiwa kwa simu, sikusikia, nilitingisha tu kichwa..." Aliyesogea wa kwanza ni mzee Waithaka. Simu yake ilikuwa imezama mfukoni. "Gari yangu iko hapo chini," alisema, na sauti ilimkatika. "Mleteni. Mleteni haraka."

Wakamfunga ndani ya blanketi kubwa lililotolewa rafuni. Jackton akashika mabega, mzee akashika miguu, wakashuka ngazi. Nakhumicha alikaa mbele na mtoto kifuani. Waithaka aliendesha huku amebonyeza honi tangu Adams, magari yakimpisha upande huu na huu, na kila mara aliuliza, "Bado anapumua?" na Jackton nyuma akajibu, "Bado." Nakhumicha aliogopa kugeuka.

Hospitali iliwapokea na kitanda cha magurudumu, wauguzi wakaondoka naye mbio. Mlango wa chumba cha dharura ukafungwa. Wale watatu wakabaki wamesimama ukumbini, nguo zimejaa damu isiyo yao. Waithaka alikaa kwenye kiti, akatoa simu, akaitazama sana. Jackton alimwona akifuta ile video, kisha akiendelea kupekua kuhakikisha haikubaki popote.

"Ningeiweka kwa grupu ya familia," mzee alisema bila kuulizwa. "Karibu niiweke."

Mtoto akaanza kulia njaa. Muuguzi akaja kumchukua, na hapo ndipo Nakhumicha alipogundua kwamba mikono yake haifunguki. Ilikuwa imekaza. Muuguzi alimfungua vidole kimoja kimoja kwa upole, akimwambia, "Pole mama, pumua. Sasa wewe ndiye unanitisha."

Alasiri daktari akatoka. Kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani tangu kujifungua. Ndicho kilichomfanya avuje damu. Ameongezewa damu. Atapona. Kama angekaa pale chooni kidogo zaidi, daktari alisema, wangekuwa wanazungumza mengine.

Msichana aliitwa Wangu. Mumewe, Thuo, alifika jioni kutoka Nakuru alikopelekwa kazini, viatu havijafungwa kamba, akawashika mikono wote bila kujua nani ni nani. Siku iliyofuata Nakhumicha alirudi kumwona Wangu, naye akasimulia kwa sauti ya chini. Alikuwa amechoka kulala ameketi. Aliogopa kumlalia mtoto, ndiyo maana alikwenda kutafuta kitanda. Damu aliiona lakini alifikiri ndivyo ilivyo kwa kila mzazi, na hakutaka kumsumbua mtu. Pale dukani kizunguzungu kilimjia ghafla.

"Niliona nikianguka naye nitamuua," alisema. "Nikatafuta mahali salama. Nikamwambia yule dada wa duka aniangalizie dakika moja tu, naye akaitikia kwa kichwa. Nikajikokota mpaka choo. Baada ya hapo sijui kitu."

Nakhumicha alirudi nyumbani lakini mshtuko haukurudi ulikotoka. Kwa majuma kadhaa mkasi ulimponyoka mkononi, na joho moja la sauti ya pili alilikata likawa na bega moja refu. Kwenda tena madukani kutafuta kitanda alishindwa kabisa. Jackton alikwenda peke yake kwa seremala mmoja wa Ngong Road, jina lake Kiarie, akiwa na vipimo vya mkewe kwenye karatasi: kimo, upana, na onyo kwamba kiganja kisipite pembeni mwa godoro. Kitanda kilikuja kikiwa kinanukia mbao mbichi. Millicent alikiona, akafungua kinywa kusema, akamtazama Nakhumicha usoni, akaamua kupika chai.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, mwenye hasira na mapafu mazuri.

Wangu na Thuo walikuja kuwaona Nakhumicha alipokuwa bado hawezi kutembea vizuri. Walileta ndizi, unga wa uji na mtoto wao, ambaye sasa alikuwa na mashavu. Walikaa, wakaomba, wakala. Wanaume walipotoka kwenda barazani, Wangu alisogea ukingoni mwa kitanda.

"Dada, kuna kitu nataka kukuuliza. Siku ile, mlipompata bila mama, watu walisema nini?"

Nakhumicha alimtazama. Alikuwa msichana mdogo kuliko alivyomkumbuka, na bado alikuwa mweupe midomoni.

"Walisema ana nywele nyingi," alijibu.

Wangu alicheka, akaziba mdomo asiwaamshe watoto. "Hizo ni za shosho yake, mama yangu," alisema, na akainuka kumfunika mtoto wa Nakhumicha miguu.