Eunike na Kitabu cha Fildi

Eunike ni binti wa mama mkubwa, anakaa Makumira, na kabla ya haya yote ungemjua kwa kelele zake. Yaani akicheka majirani wanakuja kuuliza kuna sherehe gani! Mrefu, mwembamba, anapenda mimea kuliko watu. Migomba ya kwao ameipa majina, kuna mmoja anauita Madam kwa sababu umenenepa na haufanyi kazi. Alipopata chuo cha kilimo tulipika pilau, na picha yake nikaiweka status siku mbili nzima.

Sasa chuoni kuna kitu kinaitwa fildi. Miezi miwili unaenda mahali kufanya kazi, hulipwi hata mia, na kila siku unaandika kwenye kitabu leo umejifunza nini. Mwisho supavaiza anasaini na kugonga muhuri. Bila muhuri unarudia mwaka. Na Eunike kurudia mwaka haiwezekani, mama mkubwa alishauza ng'ombe wa mwisho kwa ajili ya huu.

Akapangiwa shamba moja la maua ya waridi upande wa Usa River, yeye na mwanafunzi mwenzake Lengai, kijana wa Oldonyo Sambu. Ilikuwa Januari, Valentaini inakaribia, Ulaya wanataka maua. Kwa hiyo kujifunza kwenyewe kukawa ni kukata waridi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka giza, vidole vimejaa miiba. Vibarua wakawa wanawatania.

"Profesa, ndoo yako hiyo inakusubiri!"

"Mama Joyce, nikimaliza chuo nakuajiri unibebee mkoba," Lengai anajibu.

"Mkoba wenyewe unao? Hata soksi umeazima!"

Kitu kingine, kitabu walikuwa wanaandika kwa penseli kwanza. Bwana Ludovick, supavaiza wao, anapitia kila Ijumaa, anafuta asichokipenda, ndiyo mnapitisha wino juu. Ukiandika "nimebeba ndoo", anafuta, unaandika "nimejifunza kusafirisha mazao baada ya kuvuna". Kudeki choo kukawa "usafi wa mazingira ya uzalishaji". Eunike akitusimulia tulikuwa tunalia kwa kucheka, naapa.

Halafu ikaja ile siku. Grinhausi, yaani banda la nailoni la maua, ikipigwa dawa ya wadudu, mlangoni wanachomeka bendera nyekundu, na hakuna kuingia mpaka itolewe kesho yake. Vibarua wanaiogopa hiyo bendera kuliko bosi. Wiki ya kwanza ya Februari oda haijatimia, na grinhausi namba tano imepigwa dawa asubuhi ile ile. Saa nane mchana Ludovick akawaita Eunike na Lengai.

"Ingieni mkate. Nusu saa tu."

"Bosi, bendera ipo," Lengai akasema.

"Bendera ni ya wafanyakazi. Wewe ni mfanyakazi?"

"Hapana, bosi."

"Haya. Kitabu chako nani anakisaini?"

Akaing'oa bendera mwenyewe, akailaza kwenye nyasi. Mama Joyce alikuwa pale pale, akainama kufunga gambuti ambayo haina kamba. Eunike akasema tumbo linamuuma, akakimbilia chooni. Halikuwa linauma. Lengai akaingia peke yake.

Nusu saa ikafika saa kumi na moja. Alitoka mate yanamchuruzika, macho yanatoa machozi, hawezi kuvuta pumzi, akaangukia kwenye ndoo za maua. Alikaa hospitali wiki tatu. Mpaka leo miguu haina nguvu, anatembea kwa kushika ukuta.

Ijumaa Ludovick akamwita Eunike ofisini. Kitabu kiko wazi mezani. Alikuwa ameandika kwa penseli: "Tuliambiwa tuingie na dawa haijaisha." Ludovick akafuta taratibu, akapuliza yale makapi ya ufutio.

"Andika, mwenzangu aliingia bila ruhusa, bendera ikiwepo."

"Bosi, si kweli."

"Mwanangu, si umebakiza wiki tatu tu? Leo andika kwa wino moja kwa moja."

Akaomba kwenda nje, akampigia Mwalimu Solomoni, anayesimamia fildi pale chuoni. Akamweleza yote, analia.

"Eunike, shamba hilo linachukua wanafunzi wangu arobaini kila mwaka," Mwalimu akasema. "Wakitukataa niwapeleke wapi? Andika, binti, urudi darasani."

Akaandika. Wiki tatu baadaye muhuri ukagongwa, na maksi akapewa A.

Baba yake Lengai alipoenda shambani kuomba wamtibu mtoto, wakamtolea nakala ya ukurasa ule. Akarudi Oldonyo Sambu nayo mfukoni.

Eunike alikuja kwenda kumwona Lengai. Alichelewa sana, lakini alikwenda.

"Takwenya, yeyo," akamsalimia mama yake Lengai kwa Kimaasai.

Mama akampa kiti, akamwekea chai ya maziwa, kisha akaifungua ile karatasi.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu, yeyo."

"Kunywa chai."

Lengai alikuwa kitandani, ameangalia ukutani. Hakugeuka. Eunike akanywa ile chai yote, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Mwezi uliopita chuo kikamwita azungumze na wanaoenda fildi mwaka huu, kwenye shamba lile lile, maana yeye ndiye aliyepata A. Mwalimu Solomoni amekaa mbele, anatabasamu. Mtihani wa mwisho bado, na anayeusahihisha ni huyo huyo. Msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Dada, huko changamoto ni zipi?"

Eunike akamtazama Mwalimu Solomoni pale mbele.

"Asubuhi kuna baridi," akasema. "Bebeni sweta."

Wakampigia makofi.